Konstanti za namba kamili kwenye C: jinsi kompaila inavyoamua aina ya kila namba unayoiandika

Tani 1,000 za korosho ni kilo 1,000,000. Bei ya mnada ikisimama kwenye shilingi 3,000 kwa kilo, mzigo huo una thamani ya shilingi bilioni 3. Karani yeyote wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima), awe Tandahimba au Nachingwea, anakupa jibu hilo bila kushika kalamu. Sasa iandike hesabu hiyohiyo kwenye C, lugha ya kuandikia programu:

```c
long long jumla = 1000000 * 3000;
printf("%lld\n", jumla);
```

Kwenye laptop nyingi kitakachochapishwa ni -1294967296. Badala ya wakulima kulipwa bilioni 3, programu inasema wao ndio wanaodaiwa bilioni moja na ushee. Na aliyeandika mistari hiyo hakuwa mzembe. Ametangaza `jumla` kuwa `long long`, aina yenye nafasi kubwa kuliko fedha zote atakazowahi kuzihesabu, na ameichapisha kwa `%lld` kama inavyotakiwa.

Hesabu iliharibika kabla `jumla` haijaguswa. Kila namba unayoiandika kwa mkono ndani ya C, yaani konstanti, ina aina yake, na kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo wako kuwa lugha ya mashine, huipa aina hiyo kwa kuitazama yenyewe tu: imeandikwa kwa msingi gani, ina herufi gani mwishoni, na thamani yake ni kiasi gani. Haiulizi inakwenda wapi. Hapo juu `1000000` ni `int`, aina ya kawaida ya namba kamili, `3000` ni `int`, na zao la `int` mbili ni `int`. Jibu limefurika humohumo, yaani limezidi nafasi ya `int`, kisha mabaki yake ndiyo yakapelekwa kwenye `jumla`.

Naliandika jambo hili kwa urefu kwa sababu sisi wa Mtwara na Lindi tunakutana nalo mapema kuliko wengine. Mifano ya vitabuni huhesabu vitu kumi au dola ishirini, na hapo `int` haisumbui mtu. Shilingi ina sifuri nyingi. Kikomo cha `int` ya biti 32 ni 2,147,483,647, na mnada mmoja wa chama kikuu kama MAMCU au TANECU unaweza kukipita. Kijana anayejifunza C ili akitengenezee chama chake programu ya stakabadhi anahitaji kulijua hili kabla ya mengine mengi.

Hatua ya 1: Jua ukubwa wa aina kwenye mashine yako

Kiwango rasmi cha C hakisemi `int` ni biti 32. Kinasema isipungue biti 16, `long` isipungue 32, na `long long` isipungue 64. Kilichobaki huamuliwa na mashine na kompaila. Kwa hiyo anza kwa kuiuliza mashine yenyewe:

```c
#include <stdio.h>
#include <limits.h>

int main(void)
{
    printf("int:       baiti %zu, mwisho %d\n",
           sizeof(int), INT_MAX);
    printf("long:      baiti %zu, mwisho %ld\n",
           sizeof(long), LONG_MAX);
    printf("long long: baiti %zu, mwisho %lld\n",
           sizeof(long long), LLONG_MAX);
    return 0;
}
```

Kwenye Linux ya biti 64 utaona 4, 8, 8. Kwenye Windows ya biti 64 utaona 4, 4, 8, maana huko `long` imebaki na biti 32. Wanaojifunzia kwenye simu kwa programu ya Termux nao waangalie: Android ya biti 64 inafanana na Linux, lakini simu nyingi za bei nafuu zina mfumo wa biti 32, na hapo `long` ni baiti 4. Ubao wa Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa, ni habari nyingine kabisa (humu nina maana ya Uno R3 na za kabla yake, si R4). `int` yake ina biti 16 tu, kwa hiyo inaishia 32,767.

Andika majibu ya mashine zako pembeni. Kila kinachofuata kinategemea namba hizo.

Hatua ya 2: Tengeneza kipimo cha aina

Kukisia aina ya namba ni kupoteza muda wakati C yenyewe inaweza kukutajia. Tangu toleo la C11 lugha ina `_Generic`, inayochagua jibu kulingana na aina ya kitu ulichoipa. Makro hii inatosha kwa kazi yetu yote:

```c
#include <stdio.h>

#define AINA(x) _Generic((x),                     \
    int:                "int",                    \
    unsigned int:       "unsigned int",           \
    long:               "long",                   \
    unsigned long:      "unsigned long",          \
    long long:          "long long",              \
    unsigned long long: "unsigned long long",     \
    default:            "nyingine")

#define ONYESHA(x) printf("%-18s %s\n", #x, AINA(x))

int main(void)
{
    ONYESHA(3000);
    ONYESHA(3000000000);
    ONYESHA(0xB2D05E00);
    ONYESHA(3000U);
    ONYESHA(3000LL);
    ONYESHA(1000000 * 3000LL);
    ONYESHA('k');
    return 0;
}
```

Ikompaili kwa `gcc -std=c11 -Wall -Wextra aina.c -o aina`. Kwenye Linux ya biti 64 inatoa hivi:

```
3000               int
3000000000         long
0xB2D05E00         unsigned int
3000U              unsigned int
3000LL             long long
1000000 * 3000LL   long long
'k'                int
```

Tazama mstari wa pili na wa tatu. `3000000000` na `0xB2D05E00` ni thamani ileile, bilioni 3 kamili. Moja imeandikwa kwa desimali (msingi wa 10), nyingine kwa heksadesimali (msingi wa 16), na aina zimetofautiana. Tofauti hiyo kompaila imeipata kwenye mwandiko peke yake. Mstari wa mwisho nao huwashangaza wengi: herufi moja kati ya alama mbili za kufungia ni `int` kwenye C, si `char`.

Hatua ya 3: Ifuate orodha ya kompaila

Kompaila ikikutana na namba, inachukua orodha ya aina na kuipitia kwa mpangilio. Aina ya kwanza inayoitosha thamani ndiyo inayopewa namba. Orodha ipi itumike, hilo huamuliwa na msingi na kiambishi, yaani herufi za mwishoni mwa namba kama `U` au `LL`.

Namba ya desimali isiyo na kiambishi hupitia `int`, kisha `long`, kisha `long long`. Orodha imeishia hapo. Haina aina hata moja isiyo na alama ya hasi, kwa hiyo desimali tupu haigeuki kuwa `unsigned` kamwe.

Namba ya heksadesimali, inayoanza na `0x`, na ya oktali (msingi wa 8), inayoanza na `0`, hupitia orodha ndefu zaidi: `int`, `unsigned int`, `long`, `unsigned long`, `long long`, `unsigned long long`. Zimeruhusiwa `unsigned` kwa sababu anayeandika heksa kwa kawaida anafikiria mpangilio wa biti, na biti ya juu kabisa ni biti kama nyingine.

Jaribu kwa akili yako `3000000000` kwenye mashine tatu. Linux ya biti 64: haiingii kwenye `int`, inaingia kwenye `long`. Windows: haiingii kwenye `int`, wala kwenye `long` ambayo nayo ni biti 32, basi ni `long long`. Arduino Uno: `long` ina biti 32, haitoshi, nayo inakuwa `long long`. Kisha `0xB2D05E00`: kwenye Linux na Windows ni `unsigned int`, kwenye Uno ni `unsigned long`. Ukiweza kutoa majibu hayo bila kurudi juu kusoma, umeshaishika kanuni.

Ukifungua msimbo wa zamani kumbuka kwamba hivyo ndivyo ilivyo tangu C99. Kwenye C90 hapakuwa na `long long`, na orodha ya desimali ilikuwa `int`, `long`, `unsigned long`. Nitairudia tofauti hiyo kwenye namba hasi, maana ndipo inapouma.

Hatua ya 4: Tumia kiambishi pale unapotaka kuamua mwenyewe

Herufi ni chache: `U` inaondoa alama, `L` inaanzia kwenye `long`, `LL` inaanzia kwenye `long long`, na unaweza kuziunganisha kama `UL` au `ULL`. Herufi ndogo zinakubalika, lakini usiandike `l` ndogo. Kwenye skrini nyingi `1l` inasomeka kumi na moja, na anayekagua kazi yako jioni baada ya kutwa nzima ghalani hataiona. Kuchanganya kubwa na ndogo kama `lL` hakuruhusiwi.

Jambo moja watu hulikosa: kiambishi kinaweka mahali pa kuanzia, hakifungi mlango wa juu. `3000000000L` kwenye Windows haiwi `long`, kwa sababu haiingii humo. Inasonga mbele hadi `long long`. Vivyo hivyo `5000000000U` kwenye Linux ya biti 64 ni `unsigned long`, si `unsigned int`. `U` imesema tu kwamba aina zenye alama zirukwe.

Nikitaka biti 64 kwa uhakika kwenye kila mashine, ninaingiza `<stdint.h>` na kuandika `INT64_C(3000000000)` au `UINT64_C(...)`. Ni makro za C99, na zinaweka kiambishi kinachofaa kwa kila mashine.

Hatua ya 5: Fuatilia aina ndani ya hesabu, hatua kwa hatua

Hapa ndipo penye kazi. Korosho hupangwa daraja kwenye chama kabla lori halijafika, na ukubwa wa lori haubadilishi daraja. Ndivyo C inavyofanya: upande wa kulia wa alama ya `=` unakokotolewa kwa aina zake wenyewe mpaka mwisho, ndipo jibu linabadilishwa liingie kwenye kibadilika cha kushoto.

Dawa ya mfano wetu ni kuifanya namba moja kuwa pana kabla kuzidisha hakujafurika:

```c
long long jumla = 1000000 * 3000LL;
```

`1000000` ni `int`, `3000LL` ni `long long`. Opereta ikikuta aina mbili tofauti inaipandisha ile ndogo, kwa hiyo kuzidisha kote kunafanyika kwa biti 64 na bilioni 3 inatoka salama.

Lakini mahali unapoweka `LL` pana maana. Chukua magunia 12,500 ya kilo 80, ambayo ndiyo tani 1,000 zilezile:

```c
long long a = 12500 * 80 * 3000LL;      /* salama */
long long b = 12500 * 80 * 3000 * 1LL;  /* imeshaharibika */
long long c = 1LL * 12500 * 80 * 3000;  /* salama */
```

C inazidisha kuanzia kushoto. Kwenye `a`, 12500 mara 80 inafanyika kwa `int` na kutoa 1,000,000, ambayo inaingia; kisha `3000LL` inapandisha kinachofuata. Kwenye `b`, bilioni 3 inatafutwa kwa `int` kwanza, na `1LL` inafika wakati hasara imeshatokea. `c` ni salama hata magunia yakiongezeka, ndiyo maana mimi huiandika hivyo. Mfano `a` utaanguka siku idadi ya magunia ikizidi milioni 26 na ushee. Ni mbali, lakini sioni sababu ya kuacha kikomo kilichojificha.

Namba zikitoka kwenye vibadilika, kiambishi hakina pa kukaa. Geuza aina:

```c
int kilo = 1000000, bei = 3000;
long long jumla = (long long)kilo * bei;
```

Ukiandika `(long long)(kilo * bei)` umegeuza jibu lililokwisha kuharibika. Mabano hayo mawili ya ziada yanagharimu bilioni 4 na ushee.

Na usitegemee kwamba jibu bovu litakuwa lilelile kila siku. Kufurika kwa namba zenye alama ni tabia isiyoainishwa, maana yake kiwango rasmi hakiahidi chochote. Hiyo -1294967296 ni desturi ya mashine tu. Kompaila ikiwashwa iboreshe msimbo ina haki ya kudhani kufurika hakutokei kabisa na kupanga mambo kwa dhana hiyo.

Hatua ya 6: Kwenye Arduino, zidisha tahadhari

Mafundi wengi wa mikoa yetu huingia kwenye C kupitia ubao huu: pampu ya bustani ya mboga Mikindani, mashine ya kutotolesha vifaranga, mizani ndogo. Arduino kwa hakika inatumia C++, kwa hiyo makro yetu ya `_Generic` haitafanya kazi huko, lakini kanuni za namba kamili ni hizihizi.

Tuseme unataka pampu isubiri dakika moja:

```c
delay(60 * 1000);
```

`60` ni `int`, `1000` ni `int`, na `int` ya Uno inaishia 32,767. Zao la 60,000 linafurika na kwa kawaida hutoka -5536. `delay` inapokea `unsigned long`, na -5536 ikigeuzwa kuwa aina hiyo ni 4294961760. Hizo ni milisekunde. Ni karibu siku 50. Pampu imezimwa asubuhi na mchicha utakauka kabla haijawaka tena.

Sasa andika `delay(60000);`. Hii inafanya kazi vizuri! `60000` haiingii kwenye `int` ya biti 16, orodha inasonga mbele, inakuwa `long`. Thamani ileile, mashine ileile. Iliyoandikwa nzima imepimwa nzima. Iliyoandikwa kwa kuzidisha imepimwa vipande vipande. Nikimfundisha mtu jambo hili naanzia kwenye mistari hii miwili, kwa sababu matokeo yake anayaona kwa taa ya ubao wenyewe.

Andika `60 * 1000UL`. Usiridhike na `60 * 1000U`, ingawa nayo inatoa 60,000, kwa sababu `unsigned int` ya Uno inaishia 65,535. Siku utakayobadilisha 60 kuwa 70, utapata 4464, na pampu itasubiri sekunde nne na nusu bila onyo lolote. `unsigned` ikifurika inazunguka kimyakimya, na lugha inaruhusu.

Jambo jingine la kuangalia ni kwamba programu ya Arduino huja ikiwa imenyamazisha maonyo ya kompaila. Fungua mipangilio yake, sehemu ya maonyo, uchague yote. `60 * 1000` itaonywa mara moja.

Hatua ya 7: Sifuri ya mwanzo si pambo

Simu za mezani za Lindi na Mtwara huanza na 023. Andika `int eneo = 023;` na uichapishe kwa `%d`: utapata 19. Sifuri ya mbele imeifanya namba kuwa ya oktali, na mbili mara nane, jumlisha tatu, ni 19.

Kinachoudhi ni kwamba kompaila inalalamika mara nyingine tu. Namba ya simu inayoanza na 0713 inapita bila neno kama tarakimu zake zote ziko chini ya nane, na 0713 peke yake ni 459. Ya 0784 inakataliwa kwa sababu 8 haipo kwenye oktali. Anayejaribu programu kwa namba yake mwenyewe anaweza asione kosa kabisa. Namba ya simu, namba ya mwanachama na namba ya stakabadhi hazijumlishwi wala hazizidishwi, kwa hiyo zihifadhi kama mfuatano wa herufi.

Angalia pia majedwali yaliyopangwa yapendeze, kama `001, 010, 100`. Ya katikati ni nane.

Hatua ya 8: Namba hasi haipo

C haina konstanti hasi. `-5` ni konstanti `5` iliyotanguliwa na opereta ya kutoa, na aina huamuliwa kwa `5` kwanza. Kwa namba ndogo hilo halina athari. Mpakani lina athari kubwa.

`-2147483648` inaingia kwenye `int` ya biti 32, lakini `2147483648` haiingii. Kwenye Linux ya biti 64 inakuwa `long`, na kuiwekea alama ya kutoa kunaiacha `long`. Pima kwa `ONYESHA(-2147483648)` uone. Kwenye Uno mambo ni hayohayo kwa `-32768`. Ndiyo sababu ndani ya `<limits.h>` kikomo cha chini huandikwa kama `(-INT_MAX - 1)`, na wewe tumia `INT_MIN` badala ya kuandika tarakimu.

Kwa kanuni za C90, kwenye mashine yenye `long` ya biti 32, hali ni mbaya zaidi. `2147483648` huwa `unsigned long`, ukiitanguliza alama ya kutoa inabaki 2147483648 chanya, na sharti `-2147483648 < 0` linatoka uongo.

Hatua ya 9: Heksa, biti na kulinganisha

Kwenye laptop ya kawaida, `-1 == 0xFFFFFFFF` ni kweli na `-1 == 4294967295` ni uongo, ingawa upande wa kulia ni namba moja. Ya kwanza ni `unsigned int`, kwa hiyo -1 inageuzwa `unsigned` na kuwa sawa nayo. Ya pili ni `long` au `long long`, -1 inabaki -1.

Mfano ninaotaka uukariri ni huu. Umeweka stakabadhi ya ghala kwenye `uint64_t`: biti 32 za juu ni namba ya chama, biti ya 31 ni alama kwamba mzigo umeshalipwa, zilizobaki ni namba ya mzigo. Malipo yamerudishwa na unataka kuifuta ile alama:

```c
uint64_t s = 0x0000002380000005;
s &= ~0x80000000;
```

Ulitarajia `0x0000002300000005`. Umepata `0x0000000000000005`. Namba ya chama imefutika! `0x80000000` ni `unsigned int`. Ukizigeuza biti zake zote kwa `~` unapata `0x7FFFFFFF`, bado `unsigned int`. Ikipanuliwa kwenda biti 64 inajazwa sifuri juu, na sifuri hizo zikafuta chama.

Kinacholifanya kosa hili lijifiche ni kwamba biti nyingine zinafutika vizuri. `~0x40000000` inafanya kazi, kwa sababu `0x40000000` inaingia kwenye `int`, na `~` yake ni namba hasi ambayo hupanuliwa kwa biti za moja. Mwandishi anajaribu alama tano, zote zinakubali, ya sita inakula data. Andika `~UINT64_C(0x80000000)` kila mara kinyago, yaani namba ya kuchagulia biti, kinapokutana na kibadilika cha biti 64.

Kusogeza biti kuna kanuni yake: aina ya jibu hutoka upande wa kushoto pekee. `1 << 40` haina maana kwenye `int` ya biti 32, na `1 << 40ULL` haina maana vilevile. Andika `1ULL << 40`. Hata `1 << 31` ni tabia isiyoainishwa. Andika `1U << 31`.

Ukitumia heksa, acha nafasi kabla na baada ya jumlisha. `0xE+1` inakataliwa, kwa sababu kompaila inaisoma yote kama kipande kimoja.

Mistari ya `#if` nayo ina sheria zake. Humo namba zote hukokotolewa kwa aina pana kuliko zote, `intmax_t` au `uintmax_t`. Matokeo yake `#if 0xFFFFFFFF > -1` ni kweli, huku `if (0xFFFFFFFF > -1)` ndani ya programu ikiwa uongo.

Toleo la C23 limeleta `0b` kwa namba za binari, zinazofuata orodha ya heksa, na alama ya kutenganisha tarakimu: `1'000'000LL`. Kwa anayeandika shilingi hiyo ya pili ni zawadi, kama kompaila yako ni mpya.

Hatua ya 10: Pitia msimbo ulionao

Kompaili upya kwa `-Wall -Wextra -Wconversion -Wsign-compare`. Maonyo yatakuwa mengi mara ya kwanza. Anza na yanayotaja kufurika, kisha ya `printf`, maana `printf` haibadilishi aina kwa niaba yako na `%d` ikipewa `long long` inasoma uchafu. Kufurika kunakotokana na vibadilika hakuonekani wakati wa kukompaili, kwa hiyo ongeza `-fsanitize=undefined` na uendeshe programu kwa tani nyingi kuliko msimu wowote mliowahi kuuza. Itakutajia mstari.

Kisha tafuta kwa `grep`:

```
grep -nE '\b0[0-9]+\b' *.c *.h
grep -nE '[0-9] *\* *[0-9]' *.c *.h
grep -nE '~ *0[xX]' *.c *.h
grep -nE '\b1 *<<' *.c *.h
```

Amri ya kwanza inaleta sifuri za mwanzo, pamoja na desimali kama 0.05 ambazo utaziruka. Ya pili inaleta konstanti zinazozidishwa zenyewe kwa zenyewe. Ya tatu na ya nne zinaleta vinyago na kusogeza biti. Kwa kila mstari unaotoka, iweke konstanti ndani ya `ONYESHA`, soma aina yake, kisha linganisha na jibu kubwa kabisa ambalo hesabu hiyo inaweza kutoa.